Genta, kipimo chake, na seli zisizoota tena

Wodi ya watoto wachanga, Moshi, asubuhi yenye ubaridi kabla ya raundi ya madaktari. Sista ameshika ampuli ya gentamaisini, antibiotiki ya sindano ambayo wengi huiita genta. Anaigonga kwa ukucha ili dawa iliyokwama shingoni ishuke, anaivunja, anachukua bomba la sindano. Mezani yuko mtoto wa siku mbili, kilo 3, ana homa tangu usiku na hataki kunyonya. Bibi yake aliyeshuka naye kutoka Kibosho anauliza kwa sauti ya chini: "Samahani, mwanangu. Hiyo si ndiyo ile sindano inayoua masikio?"

"Tusipomchoma tunampoteza, bibi. Tunampa kwa kipimo chake."

Jibu hilo ni sahihi. Lakini maneno mawili ya mwisho yamenikaa kichwani kwa wiki kadhaa.

Kipimo chake.

Ndani ya maneno hayo mna karibu kila kitu tunachoweza kufanya leo ili mtoto huyu apone na aje kusikia akiitwa jina lake. Dawa ya kulinda masikio haipo rafuni, wala si Moshi peke yake. Utafiti upo, tena mzuri, na nitaufikia. Ila asubuhi ile mezani kulikuwa na ampuli, bomba, maji ya sindano na mtu anayepiga hesabu.

Mlango wa sauti ndio mlango wa dawa

Koklea, sehemu ya sikio la ndani inayosikia, imejiviringa kama konokono ndani ya mfupa, na kila mmoja wetu huzaliwa na seli za vinyweleo zipatazo 15,000 katika kila sikio. Safu moja ya ndani, yenye seli kama 3,500, ndiyo inayopeleka habari kwenye ubongo. Safu tatu za nje huikuza sauti ndogo kabla haijafika huko. Kuku akiharibiwa seli hizi huotesha nyingine, jambo lililothibitika miaka ya 1980. Samaki naye huotesha. Binadamu haoteshi. Ulizozaliwa nazo ndizo utakazozeeka nazo, ukibahatika.

Juu ya kila seli kuna vinyweleo vilivyopangwa kwa ngazi, vifupi mbele ya virefu. Sauti ikivisukuma, vitundu vidogo kwenye ncha zake hufunguka na chembe zenye chaji chanya huingia. Hapo ndipo mtikisiko unapogeuka umeme, na huko ndiko kusikia. Majimaji yaliyo juu ya seli yana volti chanya, takriban milivolti 80, na ndani ya seli mna volti hasi. Tofauti hiyo huvuta ndani kila chenye chaji chanya kinachoweza kupita.

Gentamaisini, streptomaisini, kanamaisini na amikasini ni antibiotiki za kundi moja, aminoglikosaidi, na zote zina chaji chanya. Hupita kwenye tundu lilelile.

Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwa vipimo vya umeme kwamba dawa za kundi hili hupenya kweli kwenye vitundu hivyo. Si kuviziba tu. Zikishaingia, kutoka ni shida. Hukaa ndani ya seli muda mrefu baada ya damu kuwa safi, ndiyo maana mtu anaweza kumaliza sindano akiwa anasikia vizuri, kisha usikivu ukaanza kupungua wiki kadhaa baadaye akiwa nyumbani.

Ndani ya seli dawa huenda kuvuruga mitokondria, vinu vidogo vinavyoipa seli nguvu. Hizi zina ribosomu, yaani viwanda vya kutengeneza protini, zinazofanana na za bakteria, na dawa ilitengenezwa kushika ribosomu za bakteria. Pia hushikana na madini ya chuma na kuzalisha oksijeni kali inayounguza seli kwa ndani. Za kwanza kufa ni zile za safu za nje, mwanzoni mwa koklea, sehemu ya sauti nyembamba, kwa sababu akiba yao ya kujikinga na oksijeni hiyo ni ndogo kuliko ya wenzao wa juu. Kwa hiyo mgonjwa anaanza kupoteza mlio wa ndege, halafu "s" na "f" na "sh". Anasikia kwamba unaongea, ila hajui umesema "fika" au "shika". Nyumbani wanadhani hasikilizi.

Jaribio la aspirini

Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo yaliyowafurahisha wengi. Huko China, wagonjwa waliokuwa wakichomwa gentamaisini waligawanywa makundi mawili: wengine walipewa aspirini, gramu 3 kwa siku kwa siku 14, wengine vidonge visivyo na dawa. Waliopungukiwa usikivu katika kundi la vidonge vitupu walikuwa 14 kati ya 106, yaani asilimia 13. Kundi la aspirini walikuwa 3 kati ya 89, asilimia 3.

Ni tofauti kubwa, tena kwa kidonge cha bei ya chini kabisa.

Basi kwa nini hatukitumii? Swali hili ndilo lililonisumbua zaidi, maana ukilisoma jaribio lile haraka unaona kama watu wamekalia dawa. Lakini rudi mezani kwa yule mtoto. Aspirini haipewi mtoto mwenye homa, kwa hofu ya ugonjwa wa Reye unaoshambulia ini na ubongo. Mzee mwenye figo dhaifu, ambaye masikio yake yako hatarini kuliko ya wote, gramu 3 kwa siku zitamwongezea mzigo kwenye figo hizohizo. Mwenye vidonda vya tumbo atatoka damu. Na aspirini yenyewe kwa dozi kubwa huleta mlio masikioni, dalili ileile tunayomwambia mgonjwa atuarifu haraka. Wanaobaki ni watu wazima wenye afya nyingine nzuri, na hao mara nyingi wangeweza kupewa dawa isiyo ya kundi hili tangu mwanzo.

N-asetilisisteini nayo imejaribiwa, hasa kwa wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine, na ilionyesha dalili njema katika majaribio madogo. Kule Seattle watafiti wamepitisha kemikali nyingi juu ya samaki wadogo wenye seli za vinyweleo kwenye ngozi, zinazoonekana kwa darubini wakiwa hai, wakitafuta itakayoziokoa. Moja iliyotoka humo, ORC-13661, inaziba kitundu kwa muda ili dawa isipite, na imeshafikia majaribio kwa binadamu. Wengine wanaitazama apramaisini, dawa ya mifugo ya kundi hilihili inayoonekana kuwa mpole zaidi kwa sikio. Nafurahia kila hatua wanayopiga. Ila mtu akikuuzia leo kidonge cha "kulinda masikio wakati wa sindano", usinunue.

Kibong'oto

Kama unataka kuona kinga iliyofanya kazi kwelikweli, panda kuelekea Siha. Hospitali ya Kibong'oto ilianza 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, na huko ndiko tiba ya TB sugu ilikoanzia nchini mwaka 2009. Tiba ya wakati ule ilikuwa na sindano za kanamaisini au amikasini kila siku, miezi 6 hadi 8. Hoja ilikuwa moja: bora kiziwi aliye hai. Na wengi walipona kifua wakabaki na ukimya.

Hatari yenyewe ilijulikana mapema. Streptomaisini ilipatikana mwaka 1943, na kufikia 1945 madaktari wa Mayo Clinic Marekani walikwisha kuandika kwamba wagonjwa wao wanayumba, dalili kwamba sikio la ndani limeguswa.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba kanamaisini na kapreomaisini zisitumike tena kwa TB sugu, na vidonge vyenye bedakwilini vikachukua nafasi. Amikasini ikabaki ya akiba, kwa masharti ya kupima masikio. Leo wengi wa wagonjwa hao wanatibiwa kwa vidonge peke yake, bila sindano, wengine kwa miezi 6 tu.

Hakuna kinga ya masikio iliyookoa watu wengi namna hiyo.

Kwa mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu njia hiyo bado haijafunguka. Ampisilini na gentamaisini zinabaki kuwa chaguo la kwanza kwa sababu zinafanya kazi, ni za bei nafuu, na mtoto hana muda wa kusubiri. Kwake yeye kinga ni hesabu.

0.375

Mtoto wa wiki ya kwanza mwenye uzito wa kawaida hupewa miligramu 5 kwa kilo, mara moja kwa siku. Aliyezaliwa na uzito mdogo, miligramu 3 kwa kilo. Wa kilo 3 basi anahitaji miligramu 15.

Ampuli ya kawaida ni ya mtu mzima: miligramu 80 katika mililita 2, yaani 40 kwa kila mililita. Gawanya 15 kwa 40. Unapata mililita 0.375. Bomba la mililita 2 lina alama kila 0.1. Sasa macho yaliyokesha zamu ya usiku yatasoma 0.3 au 0.4 au kitu katikati.

Njia ya kwanza ni bomba la mililita 1, lile jembamba lenye alama za 0.01. Njia ya pili ni kuchanganya: mililita 2 za ampuli pamoja na mililita 6 za maji ya sindano. Unapata mililita 8 zenye miligramu 10 kila moja, na mtoto wetu anachukua 1.5. Inasomeka bila shida.

Makosa yanaingia hapa. Mmoja anajua "wa kilo 3 ni moja na nusu", anachukua 1.5 kutoka ampuli ambayo haijachanganywa. Hizo ni miligramu 60, mara nne ya dozi. Siku nyingine famasi imeleta ampuli za watoto, miligramu 20 katika mililita 2, ambazo tayari ni 10 kwa mililita. Zinachanganywa kwa mazoea, mtoto anapata robo ya dozi na maambukizi yanaendelea. Rangi ya kasha haitoshi. Soma namba mbili kwenye kichupa, miligramu na mililita, na mwenzako azisome kwa sauti.

Kosa la tatu halionekani kwa macho. Ukivuta dawa nzito kwenye bomba, kisha ukavuta maji kwa bomba hilohilo, ile dawa iliyojificha kwenye shingo ya sindano nayo inaingia. Inaweza kufika karibu mililita 0.1. Kwa mtu mzima si kitu. Mtoto wa kilo 1.5 dozi yake nzima ni miligramu 4.5, sawa na mililita 0.11 za dawa isiyochanganywa. Shingo ya sindano peke yake inaweza kumwongezea karibu dozi ya pili. Changanya kwenye chupa au bomba kubwa, ubandike lebo yenye jina la dawa, nguvu yake na saa, halafu ndipo uvute ya mtoto kwa bomba lingine.

Na apimwe kwenye mizani. "Anaonekana kama kilo tatu" haitoshi.

Siku ya ngapi leo?

Figo ndizo zinazoitoa dawa hii mwilini, karibu yote. Figo za mtoto njiti ni changa, hutoa polepole, ndiyo maana miongozo mingine humrefushia nafasi kati ya dozi hadi saa 36. Mzee aliyeharisha siku tatu na kukaukiwa maji yuko katika hali inayofanana. Kwa mtu mzima, kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ipimwe kabla ya sindano ya kwanza na irudiwe kila baada ya siku 2 au 3. Ikipanda, usisubiri dozi zilizobaki ziishe.

Hatari huongezeka kwa kulimbikiza siku. Kila asubuhi pale kwenye faili paandikwe: genta siku ya 3, siku ya 4. Bila namba hiyo, siku ya 7 inakuwa ya 10 bila mtu kuamua. Penye uwezo wa kuotesha damu maabara ili kutafuta bakteria, majibu yakitoka safi na mtoto ananyonya, ni ruhusa ya kuacha mapema. Pasipo na maabara hiyo, daktari anabaki na macho yake na kalenda, na simlaumu anayemaliza siku 7. Ninachokataa ni siku zinazoongezeka kwa sababu hakuna aliyezihesabu.

Angalia pia kinachoambatana nayo. Furosemaidi ya mshipa, ile watu wanayoiita lasiksi, hulegeza kizuizi kati ya damu na sikio la ndani, na genta humiminika ndani. Kama mgonjwa anaihitaji kwa ajili ya moyo au mapafu, ipewe polepole, na swali la kwanza liwe kama genta inaweza kubadilishwa. Vankomaisini, antibiotiki nyingine, nayo huumiza figo na kuongeza tatizo. Kelele pia huchangia. Aliyeruhusiwa kurudi nyumbani akiendelea na sindano asikae kwenye mashine ya kusaga wala gereji, na kengele za mashine wodini zipunguzwe sauti kwa kadiri inavyowezekana.

Upande wa mama

Kuna watu ambao dozi iliyo sahihi kabisa, wakati mwingine hata moja, huwaachia uziwi. Wana badiliko dogo kwenye jeni la ribosomu ya mitokondria, linalojulikana kama 1555A>G, lililoelezwa mwaka 1993. Ribosomu zao zimefanana zaidi na za bakteria, na dawa huzishika kwa nguvu.

Mitokondria hurithiwa kwa mama tu. Kwa hiyo swali linaulizwa hivi: "Kwa mama, mjomba, mama mdogo, bibi mzaa mama, kuna aliyepoteza usikivu baada ya kuchomwa sindano?" Ukoo wa baba hauhusiki. Kijana wa kiume anaweza kuathirika, ila hatawarithisha watoto wake.

Manchester, Uingereza, walitengeneza kipimo cha pamba inayopitishwa shavuni mwa mtoto kinachotoa jibu kwa dakika 26, na matokeo yake yalichapishwa 2022. Dawa ya mtoto inatakiwa ianze ndani ya saa moja, na kipimo hiki hakikuichelewesha. Sisi tuna bibi kutoka Kibosho aliyeketi pale kwenye benchi, anayejua ukoo mzima na ambaye hajaulizwa. Jibu likiwa ndiyo, daktari aamue dawa nyingine, kwa mfano sefotaksimu ikiwepo, na kadi ya kliniki ya mtoto iandikwe wazi: asipewe gentamaisini, amikasini, streptomaisini, kanamaisini wala neomaisini. Kadi za ndugu zake wa tumbo moja na ya mama yake pia.

Kupima kabla ya kuharibika

Kwa mtu mzima atakayekaa kwenye dawa hizi kwa muda, kipimo cha usikivu cha mwanzo kifanyike ndani ya saa 72 tangu sindano ya kwanza. Bila hicho, cha baadaye hakina cha kulinganishwa nacho. Kirudiwe kila wiki. Kushuka kwa desibeli 20 kwenye mlio mmoja, au 10 kwenye miwili inayofuatana, ni sababu ya daktari kukaa na mgonjwa na kuamua upya. Mashine ikifika juu ya hezi 8,000 ni bora, kwa sababu uharibifu huanzia huko, kabla mazungumzo hayajaguswa.

Gentamaisini na streptomaisini huumiza zaidi sehemu ya sikio la ndani inayoshika mizani ya mwili kuliko usikivu, na hapa wengi wanapitwa. Pande zote mbili zikiharibika kwa pamoja, mgonjwa haoni dunia ikizunguka. Anayumba tu. Mchana anajimudu kwa kuangalia alipokanyaga. Usiku, kwenye vijia vya kihambani vyenye mizizi na mfereji pembeni, anaanguka. Akitembea, mabango ya dukani yanarukaruka machoni. Anaambiwa ni udhaifu wa ugonjwa, ale mtori apate nguvu.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Asome chati ya macho akiwa ametulia, kumbuka mstari wa mwisho aliouweza. Kisha simama nyuma yake, shika kichwa, kitikise kushoto na kulia kidogo, kama mara mbili kwa sekunde, asome tena. Akishuka mstari mmoja au miwili ni kawaida. Mitatu au zaidi, mizani yake imeguswa. Rudia kila siku ya tatu.

Sindano za "UTI sugu"

Hapa nitasema kwa ukali. Mtu ana maumivu ya kukojoa, anaingia duka la dawa Arusha karibu na Soko la Kilombero au Moshi pale Mbuyuni, anatoka na ampuli za genta za siku tano za kuchomwa na jirani. Hakuna kreatinini, hakuna uzito, hakuna mkojo uliooteshwa. Miezi miwili baadaye anarudia. Seli zilizokufa mara ya kwanza hazikurudi, na za mara ya pili zinajumlishwa juu yake. Ikiwa unauza dawa, hiyo usiitoe bila cheti.

Na sikio linalotoa usaha: matone yenye gentamaisini au neomaisini yasiingie kwenye sikio ambalo ngoma yake imetoboka. Yatapita tundu yafike sikio la ndani moja kwa moja. Matone ya siprofloksasini yapo, na hayana sumu hiyo.

Mtoto akirudi nyumbani

Aliyechomwa genta zaidi ya siku 5 akiwa mchanga ahesabiwe kuwa wa kufuatiliwa, hata kama anashtuka mlango ukigonga. Kugonga mlango ni sauti nzito. Seli zinazokufa kwanza ni za sauti nyembamba. Apimwe kwa kifaa kinachosikiliza mwangwi wa seli za nje, mtoto akiwa amelala, bila kutoboa wala kuchoma. Idara ya masikio, pua na koo ya hospitali ya KCMC ndipo pa kuulizia kwa walio Moshi. Kipimo kamili kifanyike kabla hajafikisha miezi 9, hata kama cha kwanza kilitoka vizuri. Mama apewe karatasi yenye jina la dawa, miligramu, na idadi ya siku alizochomwa, kwa mwandiko unaosomeka, abandike ndani ya jalada la kadi ya kliniki.